Akriliki, Resini au Mpingo? Chagua Mali ya Kalamu Yako Kabla Mteja Hajakurudishia

Leo naongea na wale wanaouza vitu vya mkono mtandaoni, hasa sisi tunaokereza kalamu. Lakini hata kama unauza hereni, vishikio vya funguo au vifungo vya nguo, soma mpaka mwisho, maana mali ni zilezile na makosa ni yaleyale.

Naanza na hasara yangu mwenyewe, ili usije ukailipia mara ya pili.

Nakerezea hapa Chuno, Mtwara. Nilianza na mpingo, kwa sababu huku kwetu mpingo ndio kitu cha kwanza mtu anakifikiria. Baadaye wateja wa mtandaoni wakaanza kuuliza rangi. Dada huna ya bluu? Dada huna yenye mawingu mawingu kama bahari? Nikaagiza miche ya akriliki. Mche ni kile kipande kirefu cha pembe nne, umbo lake ni kama mche wa sabuni ila mwembamba, ndio unaokerezwa ukawa kalamu. Nikapata oda ya kalamu 24 za zawadi za mahafali, mteja yuko Dodoma. Nikakereza, nikang'arisha, nikapiga picha, watu wakasifia. Kabla ya kufunga mzigo nikafuta kila kalamu kwa spiriti, kama nilivyozoea kufanya kwenye mpingo ili kutoa mafuta ya mikono. Mzigo ukapanda basi.

Siku ya nne ujumbe ukaingia WhatsApp: "Dada, hizi kalamu zina ufa. Kama nywele nywele hivi kwa ndani. Mahafali ni Jumamosi."

Nilitengeneza zingine 24 kwa siku mbili bila kulala. Faida ya miezi miwili ikaondoka pale. Na kosa halikuwa la msambazaji wala la basi. Kosa lilikuwa langu, sikuijua mali niliyoishika mkononi.

Sasa tuijue.

AKRILIKI NI NINI HASA

Akriliki ni plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Wajerumani waliianza kuiuza miaka ya 1930 kwa jina la Plexiglas, Waingereza wakaiita Perspex, na ndiyo maana mafundi wetu wa mabango wengi wanaiita pespeksi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kwenye madirisha ya ndege za kivita. Kwenye kalamu nayo haikuanza jana: mwaka 1941 kampuni ya Parker ya Marekani iliingiza sokoni kalamu ya Parker 51 yenye mwili wa akriliki, na mpaka leo watu wanazikusanya na kuandikia.

Kwa hiyo mteja akikwambia "ah, kumbe ni plastiki tu", usinyong'onyee. Mwambie ni mali iliyobeba kalamu zenye heshima kwa zaidi ya miaka 80.

Mambo matatu yanayoipa thamani: rangi imeingia mpaka ndani kwa hiyo haibanduki, haifyonzi maji wala jasho, na jua haliigeuzi njano haraka kama linavyofanya kwa plastiki nyingine.

Mambo matatu yanayoipa udhaifu: haipendi joto (ikikaribia nyuzi 100 inaanza kulainika), haipendi spiriti wala asetoni, na ikibanwa vibaya inapasuka.

Umeona sasa kilichoniua mimi? Nilitoboa kwa haraka, mche ukapata moto, ndani ukabaki na mkazo usioonekana kwa macho. Kisha nikaupaka spiriti. Spiriti inaingia kwenye ule mkazo na kufungua nyufa ndogondogo. Kitu kilekile kinachosafisha mpingo vizuri kabisa ndicho kilichoharibu akriliki.

SIO KILA KINACHOITWA AKRILIKI NI AKRILIKI

Hapa ndipo wengi tunaliwa. Sokoni na mtandaoni neno "akriliki" linabebeshwa vitu vinne tofauti.

1. Akriliki yenyewe iliyomiminwa. Imemwagwa ikiwa maji kwenye umbo na kugandia humo. Ukikereza inatoa utepe mrefu laini, na king'ao chake ni kizuri. Hii ndiyo ya kutafuta.

2. Akriliki iliyosukumwa kwa mashine. Hii hupatikana sana kwenye karatasi ngumu za mabango. Ni ya bei nafuu, lakini inalainika mapema zaidi, inakwama kwenye patasi na kuganda kwenye keekee kama ubani uliotafunwa. Ukichukua mabaki kwa fundi wa mabango, muulize kabla hujabeba: ni ya kumiminwa au ya mashine? Fundi anayejua kazi yake atakujibu, maana hata kwake zinakatika tofauti.

3. Resini ya poliesta. Miche mingi yenye rangi za kuvutia, ile yenye lulu na mawingu, ni poliesta hata kama muuzaji kaandika akriliki. Sio mbaya! Rangi zake mara nyingi ni kali kuliko za akriliki. Ila ni kavu, inavunjika kwa vipande vyenye ncha, na inataka patasi kali na mkono mwepesi.

4. Resini ya epoksi. Hii ni ile unayochanganya mwenyewe chupa mbili na kumimina. Inakupa uhuru wa kuweka unachotaka ndani, iwe mchanga, makombe au mabaki ya mbao. Udhaifu wake ni kwamba jua huigeuza njano, hasa ile ya wazi isiyo na rangi, na ukikosea vipimo inabaki laini siku zote.

Na kuna wale wanaouza vipande vya ubao mweupe wa kukatia nyama kama mali ya kalamu. Hiyo sio akriliki kabisa, haing'ai wala haishiki gundi.

VIPIMO VYA KIENYEJI

Huna maabara, una ndoo ya maji na macho. Vinatosha kwa kuanzia.

Kipimo cha maji: tia kipande kwenye ndoo. Akriliki inazama. Poliesta inazama. Ubao wa kukatia nyama unaelea. Ukiona mche wako unaelea, rudisha.

Kipimo cha patasi: kereza kidogo kwenye kona ya mche mmoja kabla hujanunua kumi. Utepe mrefu unaojisokota ni dalili ya akriliki. Unga na vipande vinavyoruka ni dalili ya poliesta. Utepe unaonata na kuganda kwenye chuma ni akriliki ya mashine, au umebonyeza sana.

Kipimo cha pua: poliesta ikikerezwa inatoa harufu kali sana, kama ya fundi anayeziba mashua ya faiba. Akriliki harufu yake ni nyepesi, ina utamu utamu. Lakini tafadhali, usichome plastiki usiyoijua ili kunusa. Baadhi ya plastiki zikiungua zinatoa moshi wa sumu.

Kipimo cha mwanga: shika mche kuelekea dirishani. Ukiona mapovu madogo ndani, jua kuna mashimo yatakayofunguka ukishakereza. Ukiona mwanga unapita, jua kile kibomba cha shaba cha ndani kitaonekana, na hilo tutalizungumzia sasa hivi.

KARAKANANI: PALE KALAMU INAPOPONA AU KUFA

Sitaeleza ukerezaji wote. Nataja zile sehemu ambazo akriliki inatofautiana na mbao.

*Kutoboa.* Kalamu nyembamba za kawaida zinatumia tundu la milimita 7. Toboa taratibu, ingiza kidogo, toa keekee nje, futa vumbi, subiri ipoe, rudi tena. Tone la maji yenye sabuni linasaidia sana. Ukigusa mche na ukawa wa moto, simama kwanza. Na acha mche uwe mrefu kuliko unavyohitaji, usitoboe mpaka upande wa pili utokee, maana hapo ndipo unapopasuka. Toboa ubakize kidogo, kisha kata ile ncha.

*Kupaka rangi ndani.* Kama mwanga unapita kwenye mche, paka rangi ndani ya tundu na juu ya kibomba cha shaba kabla ya kugundisha. Rangi ifanane na mche, au nyeupe kama unataka mche ung'ae. Usipofanya hivyo, mteja ataona madoa ya gundi na shaba kwa ndani, na kwenye picha yataonekana mara mbili.

*Gundi.* Supaglu inakausha haraka, ila ukichelewa kibomba kinakwama katikati. Gundi ya epoksi ya mirija miwili inakupa muda wa kuzungusha na kujaza kila nafasi. Kwa akriliki mimi natumia epoksi. Sehemu isiyo na gundi ndiyo inayopasuka patasi ikiifikia.

*Kung'arisha.* Akriliki na poliesta hazitaki vanishi. King'ao ni chake mwenyewe, unakitoa kwa msasa wa maji. Anza na wa kawaida, panda hatua kwa hatua mpaka zile namba za juu kabisa, malizia na dawa ya kung'arishia plastiki. Usiruke namba. Mkwaruzo ulioruka hatua ya pili utauona hatua ya tisa, na itabidi urudi nyuma.

*Afya yako.* Miwani ya kinga, barakoa, mlango wazi. Vipande vya poliesta vinaruka kama kioo. Na dada zangu, mtandio na ncha ya kanga visikaribie mashine inayozunguka. Funga vizuri au vua kabisa. Oda itasubiri.

NA MPINGO JE? TUSIUTUPE

Kuna mzee mmoja mchongaji, nilimpelekea kalamu yangu ya kwanza ya akriliki. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba mwanangu." Akaigeuza, akaipima uzito, akanirudishia. "Nzuri. Lakini hii hata Uchina wanayo. Ya kwako ni ipi?"

Swali hilo lilinisaidia kuuza kuliko matangazo yote niliyolipia.

Mpingo unaota kwenye misitu yetu ya kusini, na Wamakonde wameupa jina duniani kwa vinyago. Huko Ulaya unatengenezewa zumari zao kubwa zinazoitwa klarineti na oboe. Ni mzito kiasi kwamba ukiutia kwenye maji unazama. Unakubali king'ao bila kupakwa kitu. Kalamu ya mpingo ina hadithi ambayo akriliki haina, na mteja wa mbali ananunua hadithi pamoja na kalamu.

Ila mpingo nao una masharti yake:

- Una mafuta. Kabla ya kugundisha, safisha tundu kwa asetoni au spiriti, vinginevyo gundi haishiki. (Hapa ndipo spiriti inaruhusiwa!)
- Lazima ukauke vizuri. Hewa yetu ya pwani ina unyevu. Mbao inayoonekana imekauka hapa Chuno ikifika Dodoma kwenye hewa kavu inanywea, na kwa kuwa ndani kuna shaba isiyonywea, mbao inapasuka. Akriliki haina shida hiyo.
- Vumbi lake linawasha ngozi na kifua kwa baadhi ya watu. Barakoa tena.
- Wapo wanaouza mbao nyingine iliyopakwa kiwi ya viatu na kuiita mpingo. Kata kona ndogo uone ndani, kisha itie kwenye maji.
- Ununue kwa njia halali. Mti wa mpingo unachukua miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Kuna vijiji vya Kilwa vinavyosimamia misitu yao wenyewe chini ya mradi wa Mpingo Conservation & Development Initiative, na mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji unaojali msitu. Mabaki yenye karatasi za uhalali ni bora kuliko gogo la bei chee lililofika usiku.

Kwa wanaouza nje ya nchi: tangu Januari 2017 mpingo pamoja na jamaa zake karibu wote uko kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwishoni mwa 2019 masharti yalilegezwa: bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja haziguswi na masharti ya mkataba huo. Kalamu ni gramu chache, kwa hiyo kwa wengi wetu ni ahueni. Lakini angalia neno "zilizokamilika". Mche mghafi wa mpingo sio kalamu. Na sheria za nchi yetu za mazao ya misitu zinabaki palepale, kwa hiyo pita ofisi ya TFS iliyo karibu nawe uulize kabla hujatuma, sio baada ya mzigo kushikwa.

UNAPOANDIKA TANGAZO

Andika mali ilivyo. Kama ni poliesta, andika resini. Kama hujui, mwulize aliyekuuzia, na akishindwa kujibu andika "resini ya rangi", usiandike akriliki kwa kubahatisha.

Kuna miche ya rangi ya maziwa yenye mistari, inafanana sana na pembe. Usithubutu kuandika "pembe ya ndovu" ili kuvutia wateja. Pembe za ndovu ni marufuku, na tangazo lako lenyewe linaweza kukuletea wageni usiowatarajia. Andika "akriliki, rangi ya maziwa". Vivyo hivyo usiite akriliki "marumaru" au "lulu". Sema "mfano wa marumaru".

Picha: piga kivulini karibu na dirisha asubuhi. Jua la saa sita linaacha doa jeupe kwenye akriliki na kuficha rangi. Mpingo uweke juu ya kitu cheupe au cha rangi ya mchanga, la sivyo utaonekana kama shimo jeusi. Weka picha moja kalamu ikiwa mkononi ili mteja ajue ukubwa.

Na kila kalamu itoke na kikaratasi kidogo. Changu kinasema hivi: "Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Usitumie spiriti wala sanitaiza. Usiiache juu ya dashibodi ya gari." Tangu nianze kukiweka, malalamiko yamepungua sana.

HESABU, MAANA HAPA NDIPO TUNAPOJIDANGANYA

Tuchukue mfano. Tuseme mche wa akriliki umekufikia mkononi kwa Sh 6,000, nauli ndani. Umenunua mitano, Sh 30,000. Mmoja umepasuka ukitoboa. Kumbe kalamu nne ndizo zinazobeba Sh 30,000, kila moja Sh 7,500, sio 6,000.

Ongeza vyuma vya kalamu Sh 8,000. Gundi, msasa na umeme Sh 2,000. Kifungashio Sh 1,500. Hapo ni Sh 19,000. Weka na mkono wako Sh 6,000, inakuwa Sh 25,000.

Sasa ukiuza 25,000 kwa sababu jirani anauza 25,000, umelipwa kibarua tu, biashara haijapata kitu. Siku mteja akirudisha moja, unalipa kutoka mfukoni. Mimi kwa hesabu kama hiyo nisingeuza chini ya Sh 32,000, na katika ile faida ya 7,000 ningetenga 2,000 kila kalamu kwa ajili ya kubadilisha zitakazoharibika. Kwenye oda ya kalamu 24 ungekuwa na Sh 48,000 pembeni. Ningekuwa nazo siku ile ya Dodoma, maumivu yangepungua.

Kwenye vyuma pia usibane sana. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi. Vyuma vilivyopakwa dhahabu nyepesi vinachubuka haraka kwa jasho la mkono, vya kromu vinadumu zaidi. Mwili mzuri wenye klipu iliyochubuka bado ni kalamu mbaya.

KWA HIYO NICHAGUE KIPI?

Unaanza leo na mtaji mdogo: mabaki ya akriliki iliyomiminwa, rangi moja au mbili, ujifunze kutoboa bila kuunguza.

Una mkono uliozoea na patasi kali: poliesta yenye rangi kali kwa zawadi za harusi na mahafali.

Wateja wako ni watalii, ofisi au ndugu zetu wa ughaibuni: mpingo uliokauka, wenye karatasi.

Unataka kitu ambacho hakipo kwingine: changanya. Kipande cha mpingo chenye nyufa, ambacho mchongaji angekitupa, kimiminie resini ya bluu kwenye zile nyufa. Ndiyo ninayouza zaidi sasa hivi. Nilimpelekea yule mzee moja, akaigeuza tena kama siku ile, akaichomeka kwenye mfuko wa shati na kusema, "Hii sasa ni ya kwako. Nayo nimeichukua."

Sikumdai.

Yule mteja wa Dodoma? Kalamu 24 za pili zilifika Ijumaa jioni. Mwaka uliofuata akaagiza 40. Aliniambia alirudi kwa sababu nilikubali kosa siku ileile bila kumzungusha.

Hifadhi makala hii, mtumie mwenzako anayekereza. Na wewe tuambie: mali gani iliwahi kukutia hasara, na uligundua nini? Andika hapo chini, tujifunze wote.